Gari Lililokunywa Maji ya Mwali

Mjomba wangu ana hobi. Neno hilo nililisikia kwake kwa mara ya kwanza, na alipoona sijaelewa akanieleza kwamba ni kazi anayoifanya mtu kwa kupenda, bila kulipwa. Nikamkumbuka mama yangu kule Makote, anayeteremka bondeni kuteka maji kila alfajiri bila kulipwa na mtu, nikawaza kama naye ana hobi. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza. Hata kuandika naandika polepole, neno moja moja, kama anayechagua mawe kwenye mchele. Nimeishia darasa la saba.

Hobi ya mjomba ni gari kuukuu la Kimarekani. Alilikuta Masasi, nyuma ya ghala moja lililoachwa, limezama ardhini nusu ya magurudumu na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mtu mwingine angechukua mayai akaenda zake. Mjomba alichukua gari. Alikuwa amestaafu kazi, ana simu kubwa, na kwenye simu hiyo alikuwa akiwatazama wazee wa Marekani wenye kofia wakipangusa magari ya ujana wao. Ujana wa mjomba ulikuwa wa baiskeli, lakini hilo halikumzuia kutamani ujana wa watu wengine.

Mimi nilikuwa nakaa kwake Lisekese, hapo hapo Masasi, wakati huo. Nilipelekwa kujifunza kushona. Cherehani ilikuwapo, sisemi haikuwapo, ila juu yake ziliwekwa taa za mbele za lile gari, zimeviringwa kanga ya mkewe kama mapacha waliozaliwa jana. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa. Kwa hiyo sikujifunza kushona. Nilijifunza kung'arisha bampa.

Matengenezo yalichukua zaidi ya mwaka. Mafundi wawili walikuja kukata chuma kilichooza na kuchomelea kingine. Mjomba alinunua ovaroli, akaipiga pasi, akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki akinyoosha kidole. Jioni aliwasimulia majirani: "Leo tumeteremsha injini." Hao waliotajwa kuwa sisi walikuwa mafundi wawili, na mimi niliyeshika tochi.

Siku moja fundi mkubwa alimwambia, "Mzee, rejeta hii imekwisha. Nikiziba huku inatoboka kule. Tukuwekee ya Kijapani, mpya, utasahau habari za maji."

Mjomba akacheka kwa huruma. "Unataka kumvalisha mfalme kandambili? Mimi nataka orijino."

"Orijino inavuja, mzee."

"Ivuje. Ni ya kwake."

Fundi akanitazama, nami nikatazama chini. Akaiziba tena, akairudisha.

Gari lilipokamilika lilikuwa la buluu, refu kama jeneza la mtu mwenye kiburi, na usukani wake ulikuwa kushoto. Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Mjomba alipenda nikae mbele pamoja naye ili nipangushe vumbi la ndani wakati tunakwenda. Upande wangu ndio ule ambako magari yote ya nchi hii huwa na dereva. Kwa hiyo watu wa Masasi walikuwa wanaona gari la ajabu linakuja, na kwenye nafasi ya dereva yumo binti aliyeinamisha uso, mikono mapajani, hana usukani.

"Oya! Dada anaendesha kwa dua!" walipiga kelele vijana wa bodaboda.

"Dada, ukifika usisahau kushika breki!"

Mara moja hata askari wa barabarani alikuja dirishani kwangu akaniomba leseni. Nilimwonyesha mjomba kwa kidole. Askari alizunguka gari zima kwa miguu hadi upande wa pili, na mjomba akaona ni heshima, akasema askari alitaka kulitazama vizuri.

Basi, mdogo wangu akawa karibu kutoka unyagoni. Kwetu siku ya mwali kutoka haina mzaha. Watu hufika kutoka Newala mjini, kutoka Kitangari, wengine hujui hata undugu wao, na wote wanakula. Kupika kwa wote hao kunataka maji, na kilikuwa kiangazi, tangi letu la mvua limebaki tope chini, bomba la kijiji linatoa maji likijisikia. Jirani mmoja mwenye trekta alikuwa tayari kumletea mama maji. Lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na shughuli ya mwali haianzi mjomba hajafika. Mama akampigia simu kumwuliza.

"Mwambie huyo wa trekta apumzike," mjomba alisema. Alikuwa ameweka simu sauti ya juu ili sisi wa Lisekese tusikie. "Huku kwangu bomba halikauki. Maji nakuja nayo mwenyewe. Gari lipo, dada."

"Una uhakika, mdogo wangu?"

"Dada! Unaongea na mwenye gari."

Mama yangu ni mkubwa kwake, lakini alisema, "Haya." Jirani wa trekta akaambiwa asije. Hilo ndilo jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nasikia uchungu. Si kwamba mama hakujua. Alijua, akasema haya.

Tulijaza madumu asubuhi. Buti lile kubwa lilijaa, kiti cha nyuma kikajaa, na mawili nikawekewa miguuni. Tulipaswa kuondoka kabla jua halijawa kali, lakini mjomba alitaka kwanza kulipitisha gari sokoni, kisha stendi, kisha sokoni tena kwa sababu mara ya kwanza mtu mmoja aliyemtaka alione hakuwapo. Tulipoanza safari jua lilikuwa utosini.

Njia ilikuwa nzuri mpaka ilipoanza kupanda kwenda uwanda wa juu, kwetu. Mbele yetu palikuwa na lori la magunia ya mkaa linalotambaa. Kwa kuwa usukani wa gari letu uko kushoto, mjomba alikuwa haoni kitu ila mkaa. Mwenye kuona mbele ni mimi.

"Kweupe?" akauliza.

"Bado," nikasema.

Gari dogo likateremka, likapita.

"Sasa?"

"Pita, Mjomba."

Hakusikia. Sauti yangu ni ndogo, nakubali, lakini injini ile ndiyo aliyokuwa akiwaambia watu kwamba ukiiwasha husikii kitu. Nikasema tena, "Pita." Akasema, "Eeh?" Akashusha kichwa kunisikiliza, na tulipokuja kuelewana njia ilikuwa na basi. Ikawa hivyo mpaka kona, na baada ya kona hakukuwa na pa kupita tena. Tukalifuata lori kwa mwendo wa mwanamke mwenye ndoo kichwani, na mshale wa joto ukapanda, na moshi mweupe ukatoka kwenye boneti.

Mjomba alisimama pembeni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kupangusa vumbi la mkaa kwenye boneti. Kisha akanyoosha mkono. "Mpwa, nipe kanga yako nifungulie kifuniko."

Kitambaa kilikuwa mkononi mwake. Nikakitazama.

"Hiki ni cha kupangusia," akasema, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua mambo.

Nikatoa kanga ya mabegani. Alipofungua, maji yaliruka juu yakamwagika barabarani yote, yamegeuka rangi ya chai. Akasema nilete dumu.

Nilileta dumu. Lilikwenda lote, nusu ndani na nusu chini, kwa sababu rejeta ya orijino ilikuwa inavuja kama alivyoitaka. Tukaenda kidogo, likachemsha. Nikaleta dumu. Tukaenda kidogo, nikaleta jingine. Kila tukisimama alipangusa kwanza vumbi. Vijana waliopita na pikipiki walipunguza mwendo.

"Mzee, hilo ni gari au ng'ombe? Mbona linakunywa hivyo?"

"Ng'ombe angetoa maziwa!" akajibu mwenzake, wakaondoka wakicheka.

"Washamba," mjomba akasema. "Hawajawahi kuona kitu cha maana."

Nilikuwa nahesabu moyoni madumu yaliyobaki. Nilitaka kumwambia tuliache gari, tusimamishe lori lolote, maji yafike. Maneno yalikuwa yamepangwa vizuri kabisa kichwani. Niliendelea kubeba.

Tulipofika Makote alasiri, wanawake walipiga vigelegele, maana honi ya lile gari ni kubwa. Mama alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia "Marahaba" akiwa ameshafika kwenye buti. Akainua dumu la kwanza, likapanda juu haraka mno mkononi mwake, maana alitegemea uzito. Akainua la pili. Akatazama kiti cha nyuma.

"Maji yako wapi?"

"Dada, kwanza litazame," mjomba alisema, akipapasa paa. "Limepanda mlima lenyewe. Unajua lina umri gani?"

Lilibaki dumu moja, tena si zima, miguuni mwangu. Alilichukua akalipeleka jikoni. Kisha akatoka na sufuria tupu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Kuomba maji kiangazi, kwetu, ni kumwomba mtu mgongo wake, kwa sababu kila tone limepandishwa kutoka bondeni kwa kichwa. Tena ilimbidi aanze kwa jirani wa trekta, ambaye hakusema neno baya, na hilo ni baya zaidi. Akina mama walitoa, huyu ndoo, huyu kidumu. Nilimwona mama akipokea kwa mikono miwili kila mara na kupiga goti kidogo, hata kwa wanawake wadogo kwake.

Wakati huo mjomba alikuwa anaulizia ndoo moja ya kuoshea gari. Alitaka liwe safi mwali akipigwa picha mbele yake.

Mama mkubwa, dada yao wa kwanza, alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wanaomenya mihogo. Akamwuliza taratibu, "Yale madumu uliyopakia yamekwenda wapi?"

"Mengi yamemwagika njiani, dada mkubwa. Mengine yamo kwenye rejeta."

"Yaliyomwagika tumwachie Mungu. Yaliyomo ni ya mwali. Yatoke."

Mjomba akacheka. "Magari hayako hivyo, dada mkubwa." Akaenda kukaa na wanaume kuwaeleza jinsi magari yalivyo.

Mama mkubwa akanitazama mimi. Gari lilikuwa limeshapoa. Nililala chali chini yake, na kanga yangu iliyoharibika nikaitandika mgongoni. Koki ya chini ya rejeta naijua kama meno yangu, nimeipangusa zaidi ya mwaka. Nikaifungua. Wanawake wakasogeza beseni. Yakatoka maji ya kutu yenye harufu ya mafuta, hata kuku asingekunywa. Lakini uwanja wa ngoma ulikuwa vumbi tupu. Mama mkubwa akachovya mkono akaanza kuyanyunyiza uwanjani huku akiimba, na wengine wakaitikia. Hivyo ndivyo mjomba alivyotimiza ahadi yake ya maji.

Mdogo wangu alitoka amevaa miwani myeusi na nguo mpya, juu ya mabega ya binamu yetu, watu wakala wakashiba, na vumbi halikuruka sana. Alipigwa picha mbele ya gari. Ni picha nzuri, ila mama hayumo. Alikuwa anarudisha ndoo za watu.

Kesho yake asubuhi mjomba aliwasha gari, fundi mmoja wa Newala aliyekuwa miongoni mwa wageni akamwambia azime haraka, halina maji.

"Basi nipeni maji," mjomba akasema.

Hakuna aliyenyanyuka. Wanawake waliendelea kusugua masufuria kwa majivu na mchanga. Akaita, "Mpwa! Leta maji."

Nikaingia ndani, nikachukua ndoo ya mama na ngata yake ya kujitwikia, nikaviweka mbele ya miguu ya mjomba. Kisha nikasimama pembeni nikielekea njia ya bondeni, ili asipate shida kuijua. Sikusema kitu. Hata sasa najiuliza kama ningesema ingekuwa na maana zaidi, na sioni.

Aliitazama ndoo. Akaitazama ngata. Akatazama viatu vyake. Halafu akaita bodaboda, akarudi Masasi, akisema atamtuma fundi. Sikupanda naye. Hakuniita.

Fundi hajaja. Nasikia wamegombana, anadai kuletewa rejeta ya Kijapani kwanza. Mimi niko nyumbani, namsaidia mama maji na mihogo. Kwa upande wa mihogo tumepata nafuu. Zamani tuliianika juu ya mawe ikauke iwe makopa, mbuzi wakila nusu. Bati la yule Mmarekani wa mjomba hupata moto vizuri, na mbuzi hafiki juu.

Juzi mjomba alipiga simu. Mama akaweka sauti ya juu, naye amejifunza.

"Dada, jua la huko kali. Rangi itapauka. Mmelifunika gari?"

Mama aligeuka akalitazama. Lilikuwa jeupe lote, kutoka boneti mpaka buti.

"Tumelifunika," akasema.