Kishikio Kitupu

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Miaka ile nikifanya kazi ya maabara katika chuo kimoja kidogo mjini Thika, hasira hizo nilizimalizia kwa malori. Barabara ilipita nyuma ya dirisha letu, na malori ya mawe kutoka machimboni yalipopita, sakafu ilitetemeka na kazi ya asubuhi nzima ikaharibika. Nilisimama dirishani nikayatukana kwa sauti ya chini, kwa sababu mwalimu alikuwa mtu wa kanisa.

Mwalimu huyo, mhadhiri wa fizikia wa makamo, ndiye aliyenichukua nilipotoka shule ya ufundi. Alikuwa amesomea ng'ambo, akarudi na kiboksi chenye vipande vinne vya silikoni, ile malighafi wanayotengenezea vidude vya ndani ya redio na kompyuta. Katikati ya kila kipande palikuwa na utando mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Utando wa namna hiyo una mtetemo wake unaoupenda. Ukiutikisa kwa mtetemo huo, unaruka kuliko kawaida. Kazi yetu ilikuwa kuutafuta mtetemo huo kwa mwanga wa leza na kuuona kwenye kioo cha mtambo, mstari uliolala ukiinuka kilima.

Wenzake chuoni walimcheka. Walisema vitu hivyo hupimwa Ulaya, si Thika ambako hata stima ni ya mgao. Alicheka nao, lakini nilimwona akirudi maabara na kukifungua tena kiboksi chake. Nilikitaka kilima hicho kwa ajili yake kuliko nilivyotaka mume, na wakati huo nilitaka mume sana.

Vifaa vingi tulijitengenezea. Meza yetu ilikuwa slabu ya zege juu ya tyubu nne za magurudumu, ili malori yasitufikie. Kishikio cha kukalisha utando tulichongewa na fundi wa jua kali, kipande cha aluminiamu alichokisugua mpaka kikang'aa. Mwalimu aliandika hatua za kazi katika daftari, na mimi kila nilipomaliza hatua nilitia tiki. Hatua ya tatu ilisema: pima kishikio kitupu, kabla ya kugandisha utando kwa nta. Chuma nacho hutetemeka, na usipoujua mtetemo wake mapema utauchanganya na wa utando.

Tando tatu zilivunjika, mmoja mikononi mwake, mbili mwangu. Asubuhi ya utando wa nne, stima ingekatwa saa sita, na yeye alikuwa darasani. Niliangalia saa, nikaangalia hatua ya tatu, nikaona hiyo nitaipima siku nyingine. Nikatia tiki, nikagandisha utando. Haraka haraka haina baraka nilikuwa nimeiimba tangu darasa la pili, tena kwa sauti kuliko wenzangu.

Saa tano na kitu kilima kikainuka. Nilikimbia kumwita, akaja na chaki mkononi.

"Haiya," akasema polepole. "Mami, hiyo ni yetu?"

"Ni yetu, Mwalimu."

Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akatazama upya. Miezi michache baadaye aliandika makala, na mkutano wa wataalamu huko ng'ambo ukamwalika akaisome. Wale waliomcheka wakaanza kuchungulia mlangoni kwetu, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake.

Wiki moja kabla ya safari niliona vumbi juu ya utando. Badala ya kuchukua brashi, nikapuliza kwa mdomo, kama nilivyopuliza majivu ya jiko kwetu Gitothua, kule Ruiru, tangu utotoni. Sikusikia kitu. Niliona tu shimo la mraba mahali palipokuwa na utando. Nililia. Kisha nikawasha mitambo, labda nilitaka kuuona mstari umelala, nijiadhibu.

Mstari haukulala. Mwanga ulipita shimoni, ukagonga aluminiamu iliyokuwa chini, ukarudi, na kilima kikainuka palepale kilipokuwa kikiinuka siku zote. Nilizima nikawasha mara tatu. Utando haukuwepo na kilima kilikuwepo. Miezi yote hiyo tulikuwa tumepima kishikio cha fundi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu maishani.

Mwalimu alipoingia nilimwambia habari za utando tu. Nilikiri dhambi ndogo ili nifiche kubwa.

"Umepuliza na mdomo?" akauliza.

"Ndiyo, Mwalimu. Nisamehe."

"Hii vitu ni ndogo, zinavunjika tu. Wacha kulia. Si tulishapata readings zetu?"

Akanitengenezea chai kwa mikono yake. Nilitamani angenifokea.

Nyumbani nilimweleza mama kila kitu. Mama alikuwa ametangaza kanisani kwamba binti yake anapima vitu visivyoonekana. Alinisikiliza hadi mwisho huku akichambua maharagwe.

"Sasa hiyo chuma, ilikuwa inatetemeka ama haikuwa?"

"Ilikuwa."

"Na nyinyi mlipima kutetemeka. Uongo iko wapi hapo?"

Nilijua ulipo. Ulikuwa kwenye daftari, na ni mimi niliyeuandika. Hata hivyo nililibeba jibu la mama siku nyingi, nikilimeza kama dawa ya kichwa. Kila asubuhi nilitoka Ruiru nimeamua kusema, na kila asubuhi nilimkuta mwalimu mbele ya ubao akifanya mazoezi ya hotuba, akinyoosha koti la suti mpya, nami nikatafuta kitu cha kufagia. Nilimkasirikia fundi, nikaikasirikia stima, mwishowe nikamkasirikia mwalimu mwenyewe kwa kuniamini. Siku ya safari nilimbebea begi hadi getini nikamtakia heri.

Alirudi baada ya siku kumi, uso umenawiri, akaja maabara moja kwa moja kabla hata ya kupitia ofisini.

"Kuna mzee mmoja alisimama," akaniambia, "akauliza kama hiyo holder tuliipima ikiwa empty."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Mimi sikuwa hapo, nilikuwa class. Lakini msichana wangu ameweka tick, na huyo hawezi kuniandikia uongo. Nikamwonyesha daftari. Mzee akaomba msamaha mbele ya watu, akakaa chini."

Alikuwa akicheka, huku akifungua kiboksi kipya. Walikuwa wamempa tando nyingine sita. Kisha akanitazama, labda kwa kuwa mimi sikucheka.

"Si uliipima?"

Hakuwa na shaka. Mpaka leo naamini kwamba angekuwa na shaka hata kidogo, ningemwambia yote.

"Niliipima, Mwalimu."