Shamte Anakataa Kuvuta

Shamte wa Milola alikuwa mchukuzi, mtu wa gunia la korosho begani na wimbo mdomoni. Mwaka ule ghala moja la njia ya kwenda Lindi liliungua, na salfa ya kupulizia mikorosho ikaungua humo humo, moshi ukawa mkali hata kunguru wakahama. Wachukuzi wakaitwa kuzoa majivu. Shamte alizoa na kitambaa puani. Mwahija, mjane aliyekuwa akifagia upande wa pili, alijifunga khanga. Vumbi halikubagua kitambaa wala khanga.

Tangu hapo wote wawili wanakohoa. Daktari kule Lindi aliwapima, akasema si kifua kikuu, hawataambukiza mtu, ila mapafu yamekula moshi na vumbi na hayatarudi kuwa yale ya zamani. Akampa kila mmoja kichupa cha dawa ya kupuliza kinywani. "Unavuta asubuhi, unavuta jioni."

Shamte akarudi kijijini amenuna. "Tangu nizaliwe sijavuta sigara, sijavuta bangi," aliwaambia wenzake. "Leo nina mvi ndiyo nianze kuvuta?" Kichupa akakifungia sandukuni.

Lakini tusikilaumu sana kikohozi, maana ndicho kilichomposea mke. Kwetu mwanamume akifika mlangoni hukohoa kidogo, walio ndani wajisitiri. Basi Shamte akipita njia tu, kila nyumba inaitika, "Karibu." Kwa Mwahija alikaribishwa mara nyingi hata akaona haya kutokuposa.

Siku ya ndoa wanaume walikaa barazani kwa Mwahija, wanawake nyuma ya pazia. Shehe Mudathiri, mtu wa kufuata kitabu, akamshika Shamte mkono, akamwoza. Ikabaki Shamte akubali.

"Nimekubali kumuoa Mwahija binti Abdu..." Kikohozi kikamkata.

"Binti Abdu nani? Huyu ana baba mmoja tu. Anza upya."

Akaanza. "Nimekubali kumuo..." Kikamkata tena.

"Kumuoa au kumuombea?" akadakia Bakary, kaka yake bibi harusi. Wazee wakacheka mpaka kofia zikawakaa upande.

Shehe hakucheka. "Maneno yakikatika na ndoa imekatika. Jaribu mara moja tena. Ukishindwa, tutawanyike, tuje siku kifua kitakapotulia."

 Shamte kifua chake alikijua, siku hiyo haikuwepo. Miaka anakula ugali wa kuungua peke yake, leo mke yupo nyuma ya pazia na anayemzuia ni koo lake mwenyewe.

Pazia likatikisika. "Nasma mdogo wangu," ikasikika sauti ya Mwahija, "mpelekee yule babu kichupa changu. Mwambie huku ni kuvuta kwa hospitali, si kwa vijiweni. Asipovuta, basi akaolewe na huyo shehe anayemshika mkono."

Baraza zima likamtazama shehe.

"Vuta, Shamte," akasema shehe upesi. "Vuta, bwana."

Shamte akafumba macho kama mtu anayeingia kwenye dhambi yake ya kwanza, akavuta. Akangoja. Kifua kikalegea, kikaachia. Akayatamka yote, jina la mke na la baba mkwe hadi "kwa mahari tuliyopatana", mbio mbio kama mtu anayevuka mto mamba akiwa amelala. Naye shehe akaikimbilia Alfatiha kabla kifua hakijabadili nia.