Siku Niliyowapa Wakubwa Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilipewa fidla kubwa kama ndama, nikaambiwa niibane kwa magoti. Hiyo ndiyo selo. Nilikuwa nimeandikishwa kuchimba shaba milimani juu ya Kasese, na ilibaki wiki moja nishuke shimoni. Vijana, chekeni tu, lakini shimo nililiogopa kuliko nyoka. Kwa hiyo Meneja wa Ustawi, mkubwa wa klabu na michezo ya wafanyakazi, alipouliza nani anajua muziki, mkono wangu ulipanda kabla ya akili. Nilichojua ni endara tu, ile marimba yetu Wakonzo ambayo watu kadhaa huketi pande zake mbili na kuipiga pamoja.

Kiongozi wetu alikuwa Mwalimu Kambale, Mkongo wa Butembo, aliyefundishwa na mapadri. Yeye alipiga fidla ya kwanza, yenye wimbo. Fidla ya pili ilimjibu. Viola, yenye sauti nzito kidogo, ilijaza katikati. Selo yangu ilibeba chini. Kundi la wanne namna hiyo, lisilo na mtu wa kusimama mbele na kuongoza, huitwa kwarteti. Alinifundisha kupaka upinde utomvu mkavu wa msonobari, maana bila huo manywele ya farasi yaliyofungwa kwenye upinde huteleza tu juu ya uzi.

“Mutoto, polepole,” alikuwa akiniambia. “Hauko nakamua ngombe hapa.”

Taabu yetu ilikuwa Meneja. Zamani alikuwa askari, na kwake kila kitu kilikuwa gwaride. Alitupanga mstari mmoja, nyuso kwa wageni, migongo wima. Hatukuonana hata kidogo. Ili twende pamoja tukawa tunapiga miguu chini, watu wanne na buti za mgodini, na sakafu ya mbao ya klabu ikavuma kuliko fidla.

“Nyinyi!” alifoka. “Hii iko muziki ao iko gwaride? Funga miguu!”

“Ndiyo, afande.”

Tukafunga miguu. Tangu hapo kila mtu akawa anafika mwisho wa wimbo kwa wakati wake.

“Jumamosi wakubwa ya kampuni nakula mchana Mweya,” Meneja akasema baada ya mazoezi ya miezi kadhaa. “Mkiharibu, Jumatatu nyote shimoni.”

Wiki ile nilifanya mazoezi hadi usiku.

Pale Mweya tulipangwa barazani mwa hoteli, ziwa likiwa chini yetu na ngiri wakila nyasi kando ya meza. Wimbo wa kwanza tuliuharibu vibaya. Mpiga viola alimaliza nikiwa bado na mistari miwili. Mgeni mmoja aliweka uma chini. Meneja alinitazama, akanyoosha kidole ardhini, nami nilielewa.

Hapo nikaikumbuka endara. Kule hakuna anayehesabu wala kupiga mguu. Unamtazama aliye upande wa pili, mikono yake na pumzi zake, unaingia naye. Nikasema liwalo na liwe. Nikasimama, nikageuza kiti, nikaketi mgongo kwa wakubwa.

“Baluku, unafanya nini?” Kambale alininong'oneza. “Bakubwa beko naangalia! Kupa mukubwa mugongo ni matusi!”

“Mwalimu, afadhali matusi kuliko shimo. Geuka tuonane.”

Aliwatupia wakubwa jicho. Kisha akageuza kiti chake, na wale wawili wakafuata, tukawa tumezungukana kama watu wa endara. Akainua upinde, akavuta pumzi puani, na wote wanne tukaingia kwa mpigo mmoja. Jamani, nilifurahi! Nilimwona Kambale akicheka huku anapiga, jambo ambalo mapadri wake wasingeliruhusu. Tulipomaliza, wakubwa walisimama wakapiga makofi, na mmoja akadai turudie.

Meneja alikuja mbio. “Nani alisema mgeuke?”

“Mimi, afande.”

Alitutazama mmoja mmoja. “Kutoka leo kaeni vile nyinyi nataka. Lakini hizo buti, paka rangi.”

Ndivyo tulivyopata kazi ya kupiga Mweya, kila mwisho wa wiki, miaka mingi. Miaka ya sabini wageni walipokauka, Meneja alituita ofisini. Alisema klabu haihitaji tena muziki. Tuchague shimo au barabara. Hatukuhitaji hata kushauriana. Alituachia vyombo, akatuaga.

Tukahamia Bwera, mji wa mpakani na Kongo. Kule tulipiga harusi za wakulima wa kahawa na za wafanyabiashara wa Kongo waliovuka mpaka kutufuata, hata bibi harusi wengine wakakataa kuingia kanisani kabla hatujafika. Hakuna aliyetuamuru tuketi vipi. Watu walizoea kuona migongo yetu, wakasema ndio mtindo.

Sasa nimestaafu, vidole vimekakamaa. Mkitaka kazi hii, jifunzeni kwanza kumtazama mwenzenu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Selo imeniozesha mke, imenijengea nyumba ya bati, imesomesha watoto sita. Na mgodini, mimi niliyeandikishwa kuchimba shaba, hadi leo sijui ndani kunafananaje, wala siendi kuuliza.