Skuta Niliyomchagulia Mchumba Wangu

Admin, ficha jina langu, mengine yote yaache kama nilivyoandika, hata kama maneno ni makali. Mimi ni dada wa miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Bukavu, niko Stockholm tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Baba yangu alifariki zamani, na aliyenileta huku na kunilea ni mdogo wake, baba mdogo, fundi wa kuchomelea vyuma anayeishi Bredäng, hapa hapa Stockholm. Nalisema hilo mapema ili msinione mtu asiye na shukrani. Nimekula kwake, nimelala kwake, alinipeleka shule. Lakini siku hizi nikimwona nasikia kichefuchefu.

Mchumba wangu ni wa kwetu, yuko India, mji wa Bangalore. Alisoma huko, akapata kazi ya kompyuta huko huko. Mwaka jana alichoka na mabasi, akaamua kununua skuta, na mimi nikajipa kazi ya kumchagulia. Msicheke. Tulikuwa mbali, hatuna hata sufuria ya pamoja, hiyo skuta ndiyo ilikuwa kitu chetu cha kwanza. Nilijifunza kwamba bei ya dukani si bei ya barabarani, kwa sababu unaongeza usajili, kodi na bima, na muuzaji naye anakubandikia vikorokoro usivyovihitaji. Ile inayopendwa na kila mtu unaisubiri miezi. Ile yenye nguvu tuliiacha, maana kwenye foleni za kule nguvu ni za nini? Tukachukua nyepesi, isiyo na gia, isiyokunywa mafuta sana, yenye nafasi mbele ya kuweka mtungi wa gesi. Jambo moja tu nililing'ang'ania mimi: kile chuma wanachofunga kando ya gurudumu la nyuma ili sari za wanawake zisinaswe. Nilimwambia, siku nikija nitapanda na kitenge changu.

Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi moja safi, mistari kwa rula, bei ya kila kitu pembeni. Na hapo ndipo nilipojiponza mwenyewe. Wiki moja kabla ya kikao cha mahari, nilimpelekea baba mdogo ile karatasi. Nilitaka aone kwamba anayenioa si mhuni, ni mtu anayepanga. Aliisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Uyu ni muntu wa akili," alisema. Nilirudi kwangu Alby nikiwa na furaha.

Kwetu binti hakai kwenye kikao chake. Nilikuwa chumbani na mama mdogo, mke wa baba mdogo, mlango umeachwa wazi kidogo, nawasikiliza kaka wa mchumba wangu na wenzake waliotoka Jakobsberg kuja kuzungumza. Walikuwa wamelia hali ngumu, wakapunguziwa, na wameshaelewana vizuri na baba mdogo. Kisha nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Miye siko muntu wa kelele," baba mdogo akasema. "Lakini muangalie hapa. Hii bei ya skuta, hii assurance, hii taxe. Alilipa yote, hakulia. Donc juu ya mutoto yetu njo analia? Na uyu binti anakula kidogo kuliko ile skuta."

Sebule nzima ikacheka. Binti mdogo wa baba mdogo, aliyezaliwa huku, akauliza kwa Kiswidi kama dada anauzwa. Akaambiwa aende jikoni akalete chai. Mama mdogo alinitazama, halafu akatazama zulia. Mahari ikaongezwa sawasawa na jumla ya karatasi yangu, mpaka bima.

Mchumba wangu aliiuza skuta. Hakunilaumu. "Chérie, acha, ni desturi yetu," aliniambia. Sasa anapanda mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na tukiongea kwenye kompyuta anasinzia katikati ya sentensi. Mama yangu aliyenizaa, yuko Bukavu, katika mahari ile yote alitumiwa vitenge viwili.

Hayo ningeyameza. Lakini theluji ilipoyeyuka nilikwenda Bredäng, mama mdogo anipime gauni la harusi. Nje ya mlango kulikuwa na skuta mpya, na baba mdogo anaifuta kwa kitambaa.

"Mutoto yangu, karatasi yako ilinisaidia sana," alisema. "Niliacha ya nguvu, nikakamata nyepesi na feza ya mahari."

Nikatazama gurudumu la nyuma. Kile chuma kilikuwepo.

"Ile ya kitenge, hapa Stockholm hauwezi kuipata," akasema. "Nilichomelea miye mwenyewe. Siku ya arusi nitakubeba nayo mpaka kanisani, nguo yako haitanaswa."

Aliyasema kwa upendo, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko vyote. Hakuona kitu. Nilipita, nikaingia chooni kwao, nikatapika. Mama mdogo akauliza kama nina mimba.

Ndugu zangu, mchumba wangu anafika Alhamisi ijayo, harusi ni Jumamosi. Hajui lolote. Siku ya kwanza tu atakwenda Bredäng kutoa heshima, na chuma kile atakitambua kabla hajabisha hodi. Nikisema sitaki baba mdogo aniingize kanisani, wazee watasema nimemtukana aliyenilea, na harusi inaweza kuvunjika. Nikinyamaza, mume wangu mtarajiwa atashuka kwenye basi kwenda kumshukuru mtu aliyekalia skuta yake.

Jumamosi baba mdogo atanyoosha mkono anipeleke madhabahuni. Ni mkono ulionilisha, na ndio ulioikunjua ile karatasi. Nipeni ushauri, msinitukane. Mngekuwa ninyi, mngeushika?