Makoti Yasiyofungika

Yule mpiga pasi sasa ana wajukuu, na bado anasema shukrani anazodaiwa na shangazi yake hazijaisha. Akianza kusimulia, kaa chini. Hana habari fupi.

Kiwandani walikokuwa wakishona makoti ya askari wa mapinduzi, wanaume walikata vitambaa na kushona. Wanawake waliachiwa pasi na matundu ya vifungo. Tundu hushonwa pembeni kwanza, kisha hupasuliwa katikati kwa wembe. Kupasua ilikuwa kazi ya shangazi, mjane mfupi aliyeitwa Bi Wembe, na wenye umbeya walisema jina lilitokana na ulimi.

Uchaguzi wa kamati ya wafanyakazi ulipokaribia, mwenyekiti, fundi wa mkasi, alitangaza kwamba mapinduzi yameleta usawa, ila kura za wanawake zitapigwa na waume zao.

"Wangu yuko kaburini," akasema shangazi. "Nimtume nani akamwulize anamtaka nani?"

Watu walivunjika mbavu. Mwenyekiti hakucheka. Kesho yake akabandika amri ukutani: asiyepiga kura asiguse wembe wala mkasi, kwani ni zana za umma. Alidhani amemkomoa.

Shangazi aliisoma mara mbili, kisha akaitii. Wanawake wote wakaitii. Walishona matundu, wakatia vifungo, wakapiga pasi, wakafungasha makoti mia nne ya kupendeza macho, na hakuna tundu hata moja lililopasuliwa.

Asubuhi ya gwaride la askari yakarudishwa yote. Kapteni alisimama mlangoni, koti wazi, tumbo mbele. Mwenyekiti akajitia ufundi, akashika wembe mwenyewe, akapasua koti la kapteni kuanzia tunduni hadi kwapani.

Hapo ndipo alipomwita shangazi stoo. Walipotoka, mmoja kanuna, mwingine katulia.

"Mtapiga kura," shangazi akawaambia wenzake. "Leteni nyembe, kazi ni nyingi."

Siku ya uchaguzi mpiga pasi aliinua mkono wake kwa mara ya kwanza, akageuka kumtafuta shangazi. Kiti chake kilikuwa kitupu. Fundi mmoja akamnong'oneza kwamba hilo ndilo lililokuwa sharti la mwenyekiti: wanawake wapige kura, Bi Wembe aache kazi. Naye alikubali papo hapo.

Mpiga pasi alikimbia hadi nyumbani kwa shangazi, akamkuta uani anaanika mashuka.

"Shangazi, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungegoma kwenda, nakujua. Mkono uliinua?"

"Niliinua."

"Juu, au ule wa kuomba ruhusa?"

"Juu kabisa, shangazi."

Shangazi akaweka beseni chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Hebu inua tena," akasema. "Mimi sikuuona."

Mpiga pasi akauinua, pale pale kati ya mashuka mabichi, huku analia na kusema ahsante.