Singo Iliyoonwa na Wanaume

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, Bi Mwanamkasi alifuta vumbi kwenye kompyuta yake kwa ncha ya kanga, kisha akaigonga kidogo ubavuni kama anayeamsha mtoto.

Alikuwa jirani yetu hapa Bagamoyo. Kwenye singo, siku bi harusi anaposuguliwa na wanawake wakajimwaga kucheza peke yao, simu zote huachwa mlangoni. Kamera inayoingia ilikuwa moja tu, ya Bi Mwanamkasi, inayorekodi kwenye diski ndogo. Diski zile deki za nyumbani hazizisomi. Lazima aziingize kwanza kwenye kompyuta, ndipo achome nakala za kutazamika. Wanawake walimwachia aingie nayo kwa kuwa ni mwenzao.

"Kiuno changu kisije kikafika kwa wanaume wa Mbegani!" walimtania.

"Kiuno gani, shoga? Kamera haijakiona bado."

Siku moja tulikuwa naye barazani tukichambua mchicha. Akatokea Bi Saida wa Kiwangwa, ambaye singo ya binti yake ilichezwa mwezi uliotangulia. Hakupiga hodi, hakusalimia. Mkononi ana diski.

"Banda la video la kwetu wanaonyesha singo ya mwanangu. Wanaume wamejaa, wanapiga miluzi. Mwali kajifungia chumbani, hali chakula."

Bi Mwanamkasi alinyanyuka, mchicha ukamwagika. Aliipokea ile diski. Mwandiko wa juu yake ulikuwa wa mumewe, Yunus, ambaye huwajazia vijana nyimbo kwenye kompyuta ileile.

Yunus akatoka ndani na kikombe chake.

"Hii umeitoa wapi?" mkewe akamuuliza.

"Si imo humo humo? Wewe hufuti. Unasema diski ya mtu ikikwaruzika umchomee nyingine. Kwani wako uchi? Ngoma tu hiyo, bibie."

"Wanaume wameiona, Yunus."

"Na wameipenda!"

Alicheka peke yake. Sijapata kuona uso wa mtu mzima ukiisha damu vile, mchana kweupe, mbele ya mumewe anayetabasamu.

Bi Mwanamkasi alichukua buibui lake kwenye msumari wa mlangoni, akalivaa na udongo wa mchicha ungali mikononi.

"Wapi tena?" Yunus akauliza.

"Kwa mwali. Nikamwambie mimi mwenyewe kuwa imetoka nyumbani kwangu."

"Utarudi saa ngapi sasa?"

Alishuka baraza na Bi Saida, hakugeuka. Tangu siku ile, Bi Mwanamkasi hajalala tena nyumba ile.