Mla Chaza wa Kiwanda

Shemeji yangu ni msemaji wa kiwanda cha betri, na kazi yake kubwa ni kula. Kila mwaka wakialikwa waandishi wa habari, huketi mbele yao bwaloni, akafakamia sahani ya chaza waliookotwa pale pale bomba la kiwanda linapomwaga maji. Kesho yake picha yake iko gazetini: chaza ni salama. Mkurugenzi hali. Ana mzio, maskini, na mzio wenyewe una akili: huwajua chaza wa bomba letu tu, wa hotelini huwapisha.

Dada yangu, mkewe, ndiye mpishi. Kabla ya kuwachemsha huwagonga kwa kijiko.

"Chaza mzima ukimgusa hujifunga," alimwambia mumewe. "Hawa wako wazi, wananikodolea tu."

"Wametulia, mama. Hawana wasiwasi."

Shemeji alijua vizuri kwa nini wametulia. Mtu wa maabara alimweleza mbele yangu: madini ya risasi ya betri huingia kwenye matamvua anayopumulia, chaza akakosa pumzi, na msuli wa kufunga gamba ukalegea. Shemeji akaitikia kwa kichwa, akaenda zake kula. Nilimdharau, sifichi.

Mwaka huu mkurugenzi akataka picha yenye mguso. "Binti yako si mjamzito? Mlete naye ale."

Binti akaja, tumbo limetangulia. Hakuwa na shaka yoyote, amekua akimwona baba yake akila. Mimi na dada tulikuwa mlangoni na masufuria, na dada alinishika mkono hadi ukauma. Kamera zikainuliwa. Shemeji akameza wa kwanza, akatabasamu kama kawaida. Binti akachoma wake kwa uma.

Shemeji akampokonya sahani. Chaza wakatawanyika mezani.

"Baba! Mbona wewe unakula?"

Mkurugenzi akamwinamia shemeji, akamnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi kwetu mlangoni: "Sema ana mzio."

Mwandishi mmoja akadakia, "Kumbe binti naye ana mzio?"

Shemeji akajipangusa midomo taratibu, kama afanyavyo kila mwaka.

"Hana," akasema. "Hana mzio wowote. Na mkurugenzi pia hana."